Kitasa cha Namba Mlangoni kwa Bi Zuwena

Shoka lilifika mlangoni kabla yangu. Naanza hapo, wanangu, kwa sababu nyinyi mnaojifunza kazi ya vitasa siku hizi mnaniuliza sana habari za betri na mota, lakini hakuna anayeniuliza kwa nini mtu mwenye ufunguo mzuri wa chuma akubali kuuacha.

Bi Zuwena alikaa Kiponda, kwenye uchochoro ambao wanene wawili wakikutana, mmoja lazima ageuke ubavu. Mumewe alikwisha fariki, mwanawe wa kiume alikuwa Maskati, na binti yake Salma aliolewa huko mtaa wa Mpendae. Alibaki yeye ghorofani peke yake, na miguu yake haikuelewana tena na ngazi. Basi akafanya kama wafanyavyo bibi wengi wa Mji Mkongwe. Ufunguo wa mlango wa chini, nao ni mmoja tu, ulikaa ndani ya kikapu kidogo cha ukindu, kikapu kimefungwa kamba, na kamba imefungwa dirishani. Ukipiga hodi, anachungulia akujue, kisha kikapu kinashuka. Unafungua, unapanda nao ufunguo, unamrejeshea mkononi.

Mpaka asubuhi moja akaanguka. Alikuwa ameanza kushuka, akateleza, akabaki kwenye ngazi za juu hawezi kuinuka, na kikapu kimening'inia dirishani, hakifikiwi na aliye ndani wala aliye nje. Bi Mwajuma, jirani wa mlango wa mbele, aliita kwamba mkate umefika. Kimya. Akaita tena, ndipo akasikia mtu anaugulia maumivu. Watu wakajaa uchochoroni, mmoja akenda kuleta shoka, mwengine akanikimbilia mimi.

Nilipofika nikaweka mfuko wangu chini, nikaita juu, "Bi Zuwena! Ni Vuai, fundi vitasa. Shikamoo."

"Marahaba." Sauti ilitoka nyembamba. "Vuai, wakinivunjia mlango wangu sitowasamehe. Wao wala wewe."

"Mtu kavunjika mguu anaulizia mlango!" alisema yule mwenye shoka.

"Nimekusikia, ewe!" Bi Zuwena akamjibu kutoka ndani, na watu wakacheka, ijapokuwa roho zilikuwa juu.

Kitasa kile nilikijua. Alikiweka mwalimu wangu, Fundi Makame, kabla mimi sijatoka Bwejuu kuja mjini kujifunza kazi. Nilikifungua kwa nyaya mbili, jasho likinichuruzika mpaka ndani ya macho. Kilipolia *ka* na kuachia, Bi Mwajuma alinipita kama upepo akapanda juu.

Mguu ulikuwa umeteguka tu, alhamdulillahi. Lakini Salma hakutaka tena kusikia neno la Kiponda.

"Mama, unahamia kwangu. Chumba kipo, ngazi hakuna."

"Mpendae nitazungumza na nani? Na magari?"

"Mama, ungekufa!"

"Ningekufa kwangu."

Waliendelea hivyo wiki tatu. Kisha yule mwana wa Maskati akatuma sanduku kwa msafiri. Ndani yake mlikuwa na kitasa kisicho na ufunguo. Nje kina vitufe vya namba, ndani kina betri nne, mota ndogo na kishikio cha kukifungulia kwa mkono, na ulimi wake wa chuma, ule unaotoka kuufunga mlango, ni mnene kama kidole gumba changu. Mwenye namba anabonyeza, kinafungua. Mlango ukirudishwa, kinajifunga chenyewe. Kwa hiyo Bi Mwajuma angepewa namba, na siku Bi Zuwena asipojibu hodi, angeingia bila shoka wala fundi.

Salma alinikabidhi lile sanduku mbele ya mama yake. "Haya, tujaribu," alisema. "Lakini kikimkwamisha mama hata mara moja, siku hiyohiyo namchukua, na nyumba tunaifunga. Umenisikia, fundi?"

Nikasema nimesikia. Nikamtazama Bi Zuwena, naye akanitazama mimi, na sikupata kuona mtu akinitegemea namna ile.

Hapa nirudi nyuma kidogo, kwa Fundi Makame.

Nilianza kwake katikati ya miaka ya themanini. Alikuwa mtu wa maneno machache na penseli nyingi. Penseli moja sikioni, moja mfukoni, na vumbi lake la risasi alilikusanya ndani ya kopo dogo, akilipuliza ndani ya matundu ya funguo badala ya mafuta. Likamateni hilo, ni elimu ya bure: tundu la ufunguo msilitie mafuta ya nazi hata mwenye nyumba akiapa kuwa babu yake ndivyo alivyofanya. Mafuta hukamata vumbi, vumbi hugeuka tope, na tope hilo ndilo mwenye nyumba atakalokulaumia wewe.

Alikuwa na desturi moja iliyonishangaza. Akishachimba kwenye mwimo, yaani mti wa fremu ulio kando ya mlango, shimo la kupokea ulimi wa kitasa, alirudisha mlango, akautoa ulimi, kisha akaingiza ukucha wa kidole gumba kati ya ulimi na mbao, juu, chini, mpaka nyuma kabisa ya shimo alikopima kwa kijiti. Ukucha usipopita, alichimba tena.

Siku moja tulikuwa Kidichi, kwenye ghala la bwana mmoja anayelima viungo. Bwana yule akainama, akalitazama shimo.

"Fundi Makame, mbona shimo pana hivi? Panya atapita."

"Panya hapiti."

"Limezidi, bwana. Ulimi unacheza."

"Usinilaumu leo," Makame akasema, akikusanya zana zake. "Nilaumu masika."

Tukaondoka. Mimi moyoni nilisema mzee macho yamepungua, anachimba kwa kukisia, halafu anajikosha kwa maneno. Sikumuuliza. Alipofariki, miaka kadhaa baadaye, nilirithi nyundo yake, patasi zake na kopo la vumbi la penseli, ila lile swali sikuwa nimeliuliza bado.

Sasa turudi kwenye sanduku la Maskati. Sikuwa nimekigusa kitu kama kile maishani, na sikutaka kujifunzia kwenye mlango wa mtu. Kwa hiyo nilikifunga kwanza kwenye mlango wa karakana yangu. Nanyi fanyeni hivyo: kifaa kigeni kikutie aibu kwako kwanza. Nilifuata karatasi ya maelekezo hatua kwa hatua, miwani puani, nikaweka namba, nikatoka nje kuona kama kitajifunga. Kikajifunga. Nikafurahi peke yangu kama aliyepata mtoto. Nilipotaka kuingia, nikakuta namba imenitoka kichwani. Nilikuwa nimeiandika kwenye karatasi ya maelekezo. Karatasi ilikuwa ndani, na miwani juu yake.

Fundi vitasa wa miaka karibu ishirini aliingia karakana yake siku hiyo kwa dirisha la nyuma, suruali ikachanika, mbele ya muuza kahawa, ambaye hakunyamaza mwezi mzima. "Fundi, leo unaingilia wapi?" Ndiyo salamu yake ikawa hiyo.

Nilikwenda Kiponda wakati wa kiangazi, jua kali, mbao za mji mzima zimekauka mpaka zinalia. Mlango wa Bi Zuwena haukuwa wa nakshi wa kupigwa picha na wageni. Ubao wake ulikuwa mmoja mpana, si mabao mawili yanayokutana kati, umeunganishwa kwa mbao nene za mfenesi, wa manjano iliyozeeka ikawa kahawia. Nilitoa kitasa cha Makame taratibu, nikakifunga kwenye kitambaa. Kisha nikalitazama lile shimo lake kwenye mwimo.

Lilikuwa kubwa. Bati jipya la kupokelea ulimi halikuwa na pa kushikia skrubu. Nilitikisa kichwa, nikasema, "Mzee Makame, Mungu akurehemu, hapa ulikosea." Nikachonga kipande cha msaji, nikakipaka gundi, nikakipiga ndani ya shimo mpaka likajaa barabara. Juu ya kipande hicho nikachimba shimo jipya, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi, bila kuzidi hata unywele. Nilijivunia kazi ile. Nilipitisha kidole, kilikuwa laini kama sahani.

Kutoboa ubao nilifanya kwa keekee ya mkono, maana umeme siku hiyo ulikuwa umekatika. Unatoboa upande wa nje mpaka ncha ichungulie upande wa pili, unasimama hapo, unahamia ndani na kumalizia, la sivyo mbao inapasuka na kutoa meno. Waya wa kutoka kwenye vitufe kwenda kwenye mota unaupitisha chini ya ulimi, usibanwe. Skrubu unazikaza mpaka zishike, halafu unaacha. Mwenye nguvu nyingi huua mota.

Bi Zuwena alikuwa amekaa kwenye ngazi ya chini, bakora mapajani, Salma kando yake. Bi Mwajuma na wanawake wengine watatu walisimama upande wa pili wa uchochoro.

"Umeme wenyewe umekatika," alisema Bi Mwajuma. "Hicho kitafanyaje kazi?"

"Kina betri zake, Bi."

"Na betri zikifa?"

"Kinalia wiki nyingi kabla, kinaomba nyingine."

"Kinaomba!" Akawageukia wenzake. "Mume wangu mwaka wa kumi haombi wala hajibu."

Nikaingia ndani walipo Bi Zuwena na Salma, nikarudisha mlango. Nikasema, "Mtu asiguse." Tukasubiri. Kisha ndani ya ubao pakalia *grrr*, kama paka anayekunwa shingo, na ulimi wa chuma ukatoka wenyewe, ukaingia kwenye mwimo, ukatulia.

"Subhanallah," alisema Bi Zuwena polepole. Alinyanyua mkono akaugusa ubao kwa kiganja, kama unavyomgusa mtoto kujua kama ana homa. "Hapana mkono, hapana ufunguo. Na aliyefanya hivi ni binaadamu tu?"

"Binaadamu tu, Bi."

"Basi sisi binaadamu tumepewa kitu kikubwa."

Mimi nimefunga maelfu ya vitasa, wanangu, lakini siku ile nywele za mikono zilinisimama. Nilikuwa nimezoea kwamba kitasa ni kitu kinachongoja mkono. Hiki kilikuwa kimeambiwa jambo na kulikumbuka.

Ikabaki namba. Hapa pana adabu ya kazi, nanyi msiivunje: mteja akichagua namba, fundi hugeuza uso. Nikageuka nikautazama ukuta. Bi Zuwena alikuwa haoni vizuri vitufe, kwa hiyo alivijua kwa kidole. Sikuona alichobonyeza, ila masikio hayageuzwi. Nilisikia milio miwili ya harakaharaka, kisha kimya, na ndani ya kimya hicho akisema "Bismillahi," kisha milio miwili mingine. Hivyo ndivyo alivyobonyeza kila mara. Miwili, Bismillahi, miwili.

Kiangazi kikaisha bila tatizo lolote. Kikapu kikawa kinashuka kwa mkate tu. Nilipopita Kiponda nilitembea kifua mbele.

Kisha masika yakaja. Mwaka ule mvua ilinyesha siku sita mfululizo, kuta za chokaa zikanywa maji mpaka zikanuka kama chungu kipya. Siku ya sita, mchana, Salma alikuja mbio karakana, buibui limemganda mwilini.

"Fundi, njoo! Kimekwama na mama yumo ndani!"

Njiani akanieleza. Alimletea mama yake chakula, akatoka, mlango ukajirudi nyuma yake, kitasa kikajaribu kujifunga. Kikalia, kikasita, kikalia tena, kikabana kabla hakijamaliza. Alikumbuka kuwa ameacha mwavuli, akabonyeza namba, na hakikufungua. Na Bi Zuwena, aliposikia binti yake anahangaika nje, alisema anashuka kumfungulia.

Tulipofika Bi Mwajuma alikuwa amelikumbatia lile bao la mlango, anapiga kelele, "Bi Zuwena, kaa ulipo! Usishuke!" Na kwa ndani tulisikia bakora. Ngazi moja. Kimya. Ngazi ya pili.

Mimi nilipata kusikia vitu vingi nyuma ya milango, lakini bakora ile ndiyo inayonirudia mpaka leo.

"Bi Zuwena," nikaita. "Ni Vuai."

"Naam."

"Kaa chini hapohapo kwenye ngazi. Usiongeze hata moja."

"Nshakaa, mwanangu. Magoti yenyewe yameamua."

Nikaweka kiganja juu ya ubao, ulikuwa baridi na mzito. Nikatafuta ule mwanya wa kati ya ubao na mwimo, mahali ambapo kiangazi ungepitisha sarafu. Haukuwapo. Ubao ulikuwa umevimba, umesogea mpaka umeuegemea mwimo, na umeusogeza ulimi mbele nao. Ulimi umegonga mwisho wa lile shimo langu lililopimwa sawasawa, umebanwa, hauwezi kwenda wala kurudi. Nikajikuta nimekiweka kidole gumba pale pembeni, natafuta pa kupitisha ukucha.

Ukucha haukupita. Ndipo nikamsikia Makame, kana kwamba amesimama nyuma yangu na penseli yake sikioni: nilaumu masika.

Lile shimo halikuwa kosa. Mzee alikuwa amelipima kwa mvua ambayo haijanyesha. Alikwisha kuujua ubao ule utakavyonenepa, akauachia nafasi yake, nami nikaja kuiziba kwa gundi na kujisifu. Nilisimama pale mvua ikinipiga, na pamoja na hofu yangu yote, nilistaajabu. Kitasa kile cha Maskati kilikumbuka namba nne. Shimo la Makame lilikumbuka masika.

Nikatoa kabari ya mti, nikaichomeka juu kidogo ya kitasa, nikaigonga kwa nyundo yake yeye mwenyewe, taratibu. Ubao ukalia, ukarudi nyuma kiasi cha unywele.

"Sasa bonyeza namba," nikamwambia Salma, nikageuza uso.

Akabonyeza mbiombio. Kitasa kikalia vibaya. Akabonyeza tena, vibaya tena.

"Salma!" Bi Zuwena akaita kutoka ndani, mpole kabisa, kama anayemfundisha kusuka ukili wa mkeka. "Usikikimbize. Bonyeza mbili. Sema Bismillahi. Bonyeza mbili."

Milio miwili. "Bismillahi," akasema Salma. Milio miwili. *Grrr.*

Mlango ulifunguka, na Bi Zuwena alikuwa amekaa ngazi ya nne kutoka juu, bakora mkononi, ushungi umemteleza. Salma alipanda akamkumbatia. Kisha akanigeukia mimi.

"Fundi, niambie kweli. Nilisema mara moja tu. Ni kitasa kibovu, au ni mlango mbovu?"

Ningesema ni kitasa, Bi Zuwena angehamia Mpendae jioni ile. Ningesema ni mlango, angehamia vilevile. Wote wawili walinitazama, na Bi Mwajuma yuko nyuma yangu, na kila neno lingefika sokoni Darajani kabla ya alasiri.

"Kitasa kizima," nikasema. "Mlango mzima. Mbovu ni mimi." Nikamweleza yote, shimo la Makame, kipande cha msaji, ukucha.

Bi Zuwena ndiye aliyesema, "Mtu aliyejua alipokosea anajua pa kutengeneza. Mwache atengeneze, Salma. Ukishindwa kumsamehe, nichukue mimi. Lakini kwanza atengeneze."

Nikatwaa patasi ya Makame, nikakivunja kipande changu cha msaji chembe kwa chembe, mpaka nikalifikia shimo la zamani. Mbao zake za ndani zilikuwa bado na alama za hiyohiyo patasi. Bati nikalifungia skrubu ndefu zinazofika kwenye mbao nzima juu na chini ya shimo, jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo kama ningefikiri badala ya kujivuna. Nikarudisha mlango, mvua inanyesha, ubao umevimba vile ulivyovimba. *Grrr.* Ulimi ukaingia mpaka mwisho. Nikachomeka kabari kupata mwanya, nikapitisha ukucha. Ukapita.

Nikamwambia Salma apitishe na wake. Akainama, akapitisha, akaangalia kidole chake. "Basi," alisema. Akachukua mwavuli wake, akarudi Mpendae peke yake.

Bi Zuwena alikaa Kiponda masika mengi baada ya hayo, na kile kitasa hakikumkwamisha tena. Alifariki kwake, kitandani. Asubuhi kikapu hakikushuka kwa mkate, Bi Mwajuma akaita mara mbili, akavuka uchochoro, akabonyeza namba, akapanda juu akamkuta. Hakuna aliyekwenda kutafuta shoka.

Baada ya arubaini, Salma aliniita. Nilidhani anataka nikitoe kitasa, nyumba ifungwe. Nikakuta amehamia yeye, na mazulia yake na watoto wake.

"Niwekee namba mpya, fundi," akasema. "Watu wengi wanaijua ile."

Nikakifungua, nikafuta namba ya zamani, nikamwambia achague yake, nikageuza uso nikautazama ukuta uleule. Kisha nikasikia milio miwili. Kimya. "Bismillahi." Milio miwili.

Kama ilikuwa namba mpya au ileile, sikuuliza, na nyinyi msije mkauliza. Mlango ulirudi, na ulimi ukaingia kwenye shimo la Makame bila kugusa popote.